Bima na Deni la Dhamiri



Barabara kuu itokayo Chalinze hupita Mkata na Kabuku, katika wilaya ya Handeni, mpaka Segera. Hapo hugawanyika: mkono mmoja waelekea Tanga, na mwingine waingia Korogwe na Mombo, ukaendelea hata Moshi na Arusha. Tena iko barabara ya lami ya kilomita 65 iunganishayo mji wa Handeni na mji wa Korogwe. Njia hizi ni neema kwetu. Kwa hizo mahindi yafika sokoni, wanafunzi wafika shuleni, na wagonjwa wafika hospitalini.

Lakini njia hizi pia zimetuliza. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Magila Gereza wilayani Korogwe, lori liligongana na basi dogo lililobeba maiti na waombolezaji waliotoka Dar es Salaam kwenda kuzika Moshi. Watu wasiopungua 17 walikufa. Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, karibu na Segera wilayani Handeni, lori liliwagonga watu waliokuwa wamekusanyika mahali palipotokea ajali nyingine. Watu 11 walikufa. Mwenyezi Mungu awape raha ya milele.

Juu ya misiba mikubwa kama hii watu husema na kuandika. Leo twataka kusema juu ya jambo dogo, litokealo mara nyingi, na ambalo magazeti hayaliandiki. Motokaa mbili zagongana. Hapana aliyekufa wala kuumia. Bampa imevunjika, taa imepasuka, mlango umebonyea. Nani alipe? Alipe nini? Na mwenye bima, je, akiisha kujaza fomu amemaliza deni lake mbele ya Mungu?

Wengi hudhani kwamba haya ni mambo ya polisi, ya fundi na ya kampuni ya bima, wala Kanisa halina la kusema. Sivyo. Mambo haya ni ya Amri ya Saba. Wako Wakristo wema, ambao hawangethubutu kuchukua kuku wa jirani, lakini hapa huiba bila haya, na jioni husali Rozari kwa moyo mtulivu, maana hawajui kwamba wameiba. Ndiyo sababu yafaa tuyachungue.

NG'OMBE MWENYE PEMBE

Neno la kwanza lisemwalo kando ya barabara ni hili: ajali haina kinga. Msemo huu una kweli ndani yake. Mtoto akakimbia ghafula kuvuka njia, ng'ombe wakatoka kichakani, tairi jipya likapasuka: mwanadamu hawezi kuyazuia yote. Lakini mara nyingi twautumia msemo huu kama blanketi la kufunikia uzembe. Matairi yaliyokwisha yana kinga. Breki mbovu zina kinga. Kuendesha baada ya kulewa kuna kinga. Katekismu ya Kanisa Katoliki, katika ibara ya 2290, yafundisha kwamba mtu ahatarishaye usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana kosa zito. Yafundisha hivyo hata kama siku hiyo hakumgonga mtu.

Torati ya Musa haikujua motokaa, lakini ilijua ng'ombe. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yasimuliwa habari ya ng'ombe amwuaye ng'ombe wa jirani. Kama ng'ombe huyo hakujulikana kuwa mkali, wenye ng'ombe hao wawili waliagizwa wamwuze yule aliye hai na kugawana bei yake, kisha wagawane na yule aliyekufa. Hasara yabebwa na wote wawili, kwa kuwa hapana mwenye hatia. Lakini kama ilijulikana tangu zamani kwamba ng'ombe huyo ana desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe hakumfunga, basi imempasa kulipa ng'ombe kwa ng'ombe.

Itazameni hekima hii. Pembe ni ile ile na mzoga ni ule ule. Kinachotofautisha hukumu ni kile alichokijua mwenye ng'ombe kabla ya tukio. Basi breki ambazo fundi alikwisha kukuonya juu yake mwezi uliopita ni ng'ombe mwenye pembe, nawe ndiwe hukumfunga.

Walimu wa maadili katika Kanisa hufuata njia hiyo hiyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kurudisha mali ya mtu ni tendo la haki yenyewe, si tendo la ukarimu. Na juu ya hasara, walimu husema: mtu afungwa katika dhamiri kulipa pale ambapo hasara ni ya kweli, imetokana na tendo lake au uzembe wake, naye ana hatia katika jambo hilo. Pasipo hatia yoyote, dhamiri peke yake haimfungi. Lakini sheria ya nchi au hukumu ya mahakama ikimwamuru kulipa, imempasa kutii, maana sheria ya haki hufunga pia dhamiri. Basi swali la kwanza baada ya kugongana si kwamba nitatokaje hapa. Swali ni hili: ni kipi nilichokijua, na ni kipi nilichokiacha?

CHAMA CHA KUZIKANA

Sasa tuje kwenye bima. Wengine huiona kama kodi, wengine kama bahati nasibu. Tuwaulize wazee wetu vijijini. Kabla ya kampuni yoyote walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana. Kila mmoja hutoa kidogo. Afiwaye hupewa sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. Asiyefiwa mwaka huo hanung'uniki kwamba amepata hasara, hushukuru. Bima ni jambo hilo hilo, lililopanuliwa mpaka watoao hawajuani kwa sura.

Watu wetu huita bima ndogo ile iwalipayo wale uliowadhuru, na bima kubwa ile ilipayo pia matengenezo ya motokaa yako mwenyewe. Sheria yetu ya bima ya magari yamlazimisha kila atiaye chombo barabarani awe na bima ya kufidia kifo au majeraha ya watu wengine. Sheria hiyo ina moyo wa Kikristo kuliko wengi wanavyodhani. Yasema, kwa maneno mengine: ukitaka kutembea na chuma chenye uzito wa tani moja kati ya watoto wa wenzako, weka kwanza dhamana kwa ajili yao. Anayebandika kiooni stika ya bandia hakumdanganya askari peke yake. Amemdanganya mjane ambaye bado hajawa mjane. Siku hizi bima yaweza kuhakikiwa kwa simu katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Hapana sababu ya mwenye basi au lori kusema hakujua kwamba wakala alimwuzia karatasi tupu.

Ikiwa bima ni mfuko wa wengi, basi yatupasa kujua ni nani aibiwaye mtu anapozidisha madai. Tuseme wako watu 100, na kila mmoja atoa shilingi 300,000 kwa mwaka. Mfuko una shilingi 30,000,000. Mwaka huo motokaa 5 zagongwa, na kila moja yahitaji matengenezo ya shilingi 4,000,000, yaani 20,000,000 kwa jumla. Zinazobaki zalipa wafanyakazi, na kuwekwa akiba kwa mwaka mbaya. Lakini wale 5 wakiongeza kila mmoja 1,500,000 ya uongo, mfuko umepoteza 7,500,000. Mwaka ujao, ili kuziba pengo, kila mmoja wa wale 100 ataongezewa shilingi 75,000. Mwalimu mwenye motokaa kuukuu, muuguzi, na mwenye teksi mmoja pale Korogwe, wote wamechukuliwa fedha zao mfukoni, wala hawamjui mwizi.

Tangu mwaka 1967 hata sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi, bima nchini ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa. Pengine ndipo wengine walipozoea kuiona fedha ya bima kama mali isiyo na mwenyewe. Lakini mali isiyo na mwenyewe ni adimu sana duniani. Mara nyingi mwenyewe yupo, ila hayupo hapo karibu.

UWONGO WA KAWAIDA

Tutaje waziwazi makosa yanayozoeleka.

Mtu agongwa mlango wa kushoto. Mlango wa kulia ulibonyea mwaka jana alipoparuza ukuta. Amwambia fundi: andika yote pamoja, bima italipa. Huu ni wizi. Mlango wa kulia ni deni lake mwenyewe.

Mwingine ajua kwamba mkataba wake wamtaka ajilipie mwenyewe kiasi cha kwanza cha hasara. Basi aomba ankara izidishwe kwa kiasi hicho, ili asitoe kitu. Huu nao ni wizi, maana aliukubali mkataba huo alipoutia sahihi.

Wa tatu apokea fedha taslimu kutoka kwa mwenye lori pale pale kando ya njia, kisha aenda kuidai kampuni yake matengenezo yale yale. Bima huwekwa kumrudisha mtu mahali alipokuwa, si kumtajirisha. Kampuni ikiisha kumlipa, haki ya kumdai aliyemgonga huhamia kwake. Mtu huyu ameuza ng'ombe mmoja mara mbili.

Wa nne ni fundi. Aandika taa mpya, aweka taa kuukuu. Aandika siku kumi za kunyoosha bati, amaliza kwa nne. Katekismu, ibara ya 2409, yahesabu kazi iliyofanywa vibaya na ankara za kughushi miongoni mwa makosa ya Amri ya Saba. Fundi na akumbuke mfano wa Msamaria mwema. Twamsifu sana Msamaria, tukamsahau mwenye nyumba ya wageni. Mtu huyo alipewa dinari mbili, akaahidiwa kwamba gharama yoyote ya ziada italipwa Msamaria atakaporudi. Msamaria hakuomba makadirio kwanza, wala hakutuma mkaguzi. Alimwamini. Mfano wote ungeharibika kama mwenye nyumba angeandika siku ishirini kwa majeruhi aliyelala siku tano. Kila fundi apokeaye motokaa ya mtu aliyepata ajali amesimama mahali pa mwenye nyumba yule.

Yuko mtu atakayetujibu: lakini kampuni nazo hutuonea, hupokea fedha upesi na kulipa polepole, hutafuta neno dogo katika mkataba ili zisilipe. Ndugu msomaji, pale linapotokea, hili ni dhambi, nasi hatutalipunguza. Kumcheleweshea makusudi mtu haki yake mpaka achoke na kuikubali nusu ni wizi uliovaa tai. Meneja Mkatoliki anayeamuru hivyo asidhani kwamba dhamiri yake imo ndani ya kabati la ofisi.

Lakini dhambi ya kampuni haikupi ruhusa ya kujilipa kwa uwongo. Walimu wa maadili walilichunguza swali la kujilipa kwa siri zamani sana, nao waliliwekea mipaka mikali: deni liwe la hakika kabisa, pasiwe na njia nyingine ya kulipata, na asidhuriwe mtu mwingine. Kwetu njia nyingine iko. Iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iko Mamlaka yenyewe, na ziko mahakama. Tena aongezaye madai kwa kuwa labda watayapunguza, huyo hadai deni la hakika. Adai kitu ambacho hajawahi kukipoteza, na ili akipate imempasa kusema uwongo na kuutia sahihi.

JIWE LA KUSAGIA

Si kila ajali hukutanisha watu walio sawa. Kijana wa bodaboda pale Kabuku aparuza motokaa ya thamani kubwa. Kosa ni lake. Alipita upande usio wake. Mwenye motokaa ashuka kwa hasira, achukua ufunguo wa pikipiki na kusema: hii nakaa nayo mpaka ulete milioni mbili.

Je, ana haki ya kulipwa? Anayo. Umaskini haufuti deni, na yule kijana asifikiri kwamba kukimbia ni haki ya maskini. Lakini iko njia ya kudai iliyo halali, na iko njia iliyokatazwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, lakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuchukua rehani uhai wa mtu. Pikipiki ya kijana yule ndiyo jiwe lake la kusagia. Ukimnyang'anya, umemzuia kula, na umemzuia kulipa pia. Kama wewe una bima kubwa, itumie. Kama huna, patana naye mbele ya mashahidi, alipe kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake. Na kama paruzo ni dogo, wala halikupunguzii kitu ila fahari, umsamehe, maana sote twasali kila siku tusamehewe kama tunavyosamehe.

Kupatana njiani si kosa, ikiwa hapana aliyeumia, wote wawili wajua ukubwa wa hasara, na hapana aliyetishwa. Lakini palipo na majeruhi, polisi waitwe. Anayemwambia majeruhi aondoke kwa shilingi elfu hamsini, kabla daktari hajamwona, ananunua kwa bei ndogo kitu ambacho mwenye kukiuza hajui thamani yake.

KILE AMBACHO BIMA HAIBEBI

Sasa twafika kwenye kiini cha neno letu. Bima hubeba gharama, haibebi wajibu.

Chukua mfano wa baba mwenye Hiace moja abebaye abiria kati ya Handeni na Korogwe. Imegongwa kwa nyuma na mtu aliyekuwa akisoma ujumbe katika simu. Bima ya aliyegonga yalipa: bati limenyooshwa, rangi imepigwa. Lakini Hiace ilikaa gereji majuma matatu, na kwa majuma matatu baba huyo hakuleta nyumbani hata shilingi. Ada ya mtoto ilichelewa. Mara nyingi siku hizo hazimo katika ankara ya fundi, wala hapana anayeziuliza.

Mbele ya Mungu zaulizwa. Mapato halali aliyokoseshwa mtu kwa uzembe wa mwingine ni sehemu ya hasara yake. Aliyegonga asiseme: nina bima, zungumza nao. Aende amwulize: je, umelipwa yote? Na kama kimebaki kitu, nacho kimetokana na hatia yake, basi hicho ni deni lake mwenyewe, kadiri ya uwezo wake. Tena kama kuna aliyeumia, aende kumtazama. Wengine huogopa kwamba kwenda hospitalini ni kukiri kosa. Kumtazama mgonjwa ni tendo la huruma lililoamriwa na Mkombozi wetu mwenyewe. Wala hapana sheria iliyokataza kumpelekea uji mtu uliyemvunja mguu.

Zaidi ya yote, bima haiwezi kubeba ukweli. Mwenye gari anayemwagiza utingo aseme kwamba yule mwingine ndiye aliyehama upande, ili bima ya yule ndiyo ilipe, ametenda dhambi ya kushuhudia uwongo pamoja na ya wizi. Na kama uwongo huo ukimfunga gerezani dereva asiye na kosa, hapana shirika duniani liwezalo kuuza bima ya kufuta jambo hilo.

NA ALIYEKWISHA KUZIDISHA?

Huenda msomaji mmoja ameisoma makala hii kwa mashaka, kwa kuwa ankara iko katika faili lake. Tumwambie kwa upole: toba ya Amri ya Saba haimalizwi na majuto peke yake. Katekismu, ibara ya 2412, yadai kurudisha kilichoibwa, na yatukumbusha Zakayo. Zakayo hakungoja kuhesabiwa na wengine. Alisimama akahesabu mwenyewe.

Anayeijua kampuni aliyoidanganya imempasa kuirudishia kampuni hiyo, maana mwenye mali ajulikana. Akihofu aibu, aongee na padre katika Sakramenti ya Kitubio; padre hawezi kuitoa siri hiyo hata kwa kifo, naye atamshauri njia isiyomvunjia heshima. Yawezekana kwa mfano kuacha kudai hasara ya haki itakayotokea baadaye, mpaka kiasi kile kitimie. Asiyeweza kulipa yote kwa mara moja alipe kidogo kidogo. Asiyeweza kabisa leo awe na nia ya kweli ya kulipa atakapoweza. Mungu hadai tusichokuwa nacho, ila adai tusikiite chetu kisicho chetu.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Baba anapompigia simu fundi na kusema, tia na ule mlango mwingine, mara nyingi mtoto yupo karibu, asikia. Siku hiyo amefundishwa Amri ya Saba kwa sauti ambayo katekista hawezi kuishinda. Na baba anaposema, la, mlango ule nililipia mwenyewe au nitaulipia mwenyewe, mtoto asikia vile vile. Motokaa itachakaa na kuuzwa kwa bei ya chuma. Alichokisikia mtoto kitabaki.